Mpira wa Pasi kwenye Gari la Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeanza alasiri, nikiwa naanua vitambaa. Banda linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya gari, kwa hiyo nimelifunika kwa turubai la mteja. Atasubiri.

Daftari hili nimelitoa kwenye kabati la mke wangu. Ni la shule ya udereva aliyofundisha miaka ishirini na sita. Kila ukurasa una safu tatu: Tarehe, Somo, Maoni ya Mwalimu. Kurasa nne za mwanzo zimeandikwa. Kuhusu mwanafunzi mmoja ameandika, "Anaendesha kama anayeomba radhi." Zilizobaki ni tupu. Nitaandika nikikatiza safu zake, anisamehe.

Watu wote walimwita Mwalimu. Hata mimi, nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimeshona kiti kimoja cha lori.

Jumatano, 5 Machi

Nilijiambia habari hii sitaiandika, lakini nisipoiandika sioni daftari ni la nini.

Gari ni la michezo, la zamani, la viti viwili, halina paa ila kitambaa nilichokishona mwenyewe. Mwenye shule alimpa Mwalimu siku shule ilipofungwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeweza kuliwasha. Mimi sijui kuendesha. Aliwahi kunifundisha siku mbili, akasema ni heri abaki na mume kuliko apate dereva, tukaacha.

Juni mwaka jana alisema breki zimekuwa nzito, anakanyaga kwa mguu mzima. Gari lile lina busta ya breki, kikopo cha chuma kilichojificha pembeni ya injini. Kazi yake ni kuusaidia mguu: wewe unakanyaga kidogo, yenyewe inaongeza nguvu. Injini huivuta hewa iliyomo kupitia bomba la mpira, na huko kuvuta ndiko kunakoipa nguvu. Nilifungua boneti nikaona mpira umejaa nyufa. Wa aina ile haukupatikana dukani. Sasa mimi ni fundi wa viti vya magari na maturubai, na kwenye kibanda changu nina pasi ya mvuke. Mpira wake wa kupitishia mvuke, ule wa akiba, ulikuwa na unene uleule. Niliukata, nikauvalisha, nikaukaza kwa uzi wa nta, mizunguko arobaini kila upande, kama ninavyofunga kona za kiti. Mwalimu alipouona alipiga makofi. Alizunguka mtaa mzima akisema mumewe ametengeneza breki kwa pasi.

Oktoba, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, alirudi kutoka kununua mkate. Aliingia uani kwa kasi, na gari likasimama likibakiza kiganja kimoja tu kati ya pua yake na pipa la maji. Nilikuwa mlangoni na mkasi mkononi. Alishuka, akaegemea mlango wa gari, akaniangalia, akasema, "Zimeshika." Kisha akakaa kwenye ngazi, akasema kichwa kinamuuma, akaomba maji. Nilipoyaleta hakuweza kukishika kikombe. Siku mbili hospitalini, basi.

Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, presha ya siku nyingi. Lakini daktari hana habari za mpira wa pasi. Breki zikishika vibaya zinang'ang'ania, au zinakataa halafu zinakuja zote kwa mpigo. Mtu mwenye presha akipata mshtuko wa namna hiyo itakuwaje?

Sijamwambia mtu. Gari halijaguswa tangu siku ile. Sasa nataka mtu anayejua alifungue, aniambie kama ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Hakuna jambo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempata fundi wa magari ya zamani. Jina lake la gereji ni Bado, kwa sababu ukimuuliza lolote ndilo jibu lake. Ni mtu mrefu, miwani yake imefungwa kwa waya, na mikono yake ni safi hata nikaona aibu kumpa wangu. Alikuja na tela. Kabla ya kulipandisha gari aliliunganishia betri yake, akaliwasha, akakanyaga breki mara tatu huku amefumba macho.

Alisema busta imekufa. Nikamwuliza imekufa lini. Akasema bado hajajua.

Hapo ndipo ningemwambia habari za mpira. Badala yake nilimwambia awe mwangalifu na kiti cha kushoto, mshono umelegea.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja. Ni mdogo wa kike wa Mwalimu, na huja kila Jumapili mchana kuniosha vyombo, hata vilivyo safi. Aliuliza banda limebaki tupu kwa nini, nikamweleza. Aliacha kuosha.

"Amefungua boneti?"

Nikamwuliza fundi gani wa magari asiyefungua boneti. Akauliza ameona nini. Nikasema bado. Akasema huyo siku Mungu akimwita atajibu bado. Tulicheka wote wawili, kama zamani, kisha akarudi kwenye vyombo.

Alipoondoka nikaanza kuwaza. Swali lake halikuwa la mtu anayeuliza tu. Nadhani Mwalimu alimsimulia habari za mpira, na sasa anasubiri nikamatwe.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda gereji kwa miguu, viatu vimelowa mpaka soksi. Bado ameagiza vifaa vya ndani ya busta, kiwambo, yaani utando wa mpira wa ndani, na pete za mpira. Vinatoka mbali, kwa posta. Hafungui busta mpaka vifike, na hata vikifika anataka siku kavu, kwa sababu gereji yake haina ukuta upande mmoja na unyevu ukiingia ndani ya busta kazi ni bure. Kwa hiyo tunangoja mambo mawili, na yote mawili hayana haraka.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Shemeji: "Amefungua boneti?" Nikasema anangoja vifaa. Alionekana kupumua. Kwa nini apumue?

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimefanya jambo baya.

Nilikuwa gereji. Bado alikuwa ameinamia injini, akaugusa mpira wa pasi kwa kidole pale unapoanzia. Aliuliza, bila kuniangalia, nani aliweka kitu hiki.

Nikasema, "Sijui. Labda mke wangu mwenyewe."

Alitikisa kichwa, akasema mwanamke aliyejua gari kiasi kile hawezi kuweka mpira kama huu. Mvua ikaingia kwa upepo, akashusha boneti na kutandaza nailoni juu yake.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi ileile. Miaka thelathini na moja hakuwahi kunisingizia hata sahani iliyovunjika. Wakati mmoja paka alimwaga chai juu ya mapazia ya mteja, Mwalimu akamwambia mteja ni yeye, ili nisionekane mzembe. Na mimi nimemtupia mpira wangu mwenyewe, wakati hawezi kujibu.

Jumatano, 19 Machi

Nimeshindwa kushona. Sindano mbili zimevunjika.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda kwa Bado asubuhi kabla hajavaa ovaroli. Nikamwambia mpira ni wangu, nimeuvalisha mimi, uzi wa nta ni wangu, na juzi nilidanganya.

Alinivutia kigoda. Nilitegemea angekasirika, lakini aliingia ndani akarudi na kipande cha mpira laini kama ule wa pasi na kingine kigumu, akanipa vyote viwili. Akaniambia niweke mdomo kwenye ule laini, nizibe upande wa pili kwa kidole, nivute hewa. Ulijibana ukawa bapa ulimini. Ule mgumu haukujibana. Akasema mpira wa pasi umetengenezwa kusukumiwa mvuke, nao kwa kusukuma hauna mwenzake, lakini busta inafanya kazi kwa kuvuta. Injini ikipata joto mpira laini unajifunga, na msaada wa mguu unapotea.

Ni kosa la mtu wa pasi. Ningekuwa na kazi nyingine nisingelifanya.

Nikamwuliza kama kosa hilo linaweza kumwua mtu. Alichukua muda mrefu kufuta miwani.

"Bado sijafungua, mzee wangu. Siwezi kusema kitu nisichokiona."

Nilidhani ni mtu mkavu. Leo nimeona ni mtu anayeogopa kusema uongo, na mimi nilimwambia uongo siku nne zilizopita.

Jumapili, 23 Machi

Shemeji alikuja na mwavuli wa Mwalimu, ule wa kijani wenye kijiti kimoja kilichopinda. Sikumtendea vizuri. Alipouliza tu, "Amefungua boneti?" nikamkatiza. Nikamwambia kama anataka gari achukue gari, lakini aache kunihoji kila Jumapili kama askari wa barabarani.

Aliweka sahani chini taratibu. Akasema, "Shemeji, mimi silitaki gari." Akafungua mwavuli akiwa bado ndani ya nyumba, jambo ambalo dada yake angemgombezea, akatoka.

Jumapili, 30 Machi

Hakuja. Vyombo nimeosha mwenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kubwa. Maji yamefika kizingiti cha banda. Nimekumbuka kwamba Mwalimu akipanda gari alivua kiatu cha kulia na kukiweka kwenye kiti cha pili. Alisema soli nene inamfichia breki. Kwa hiyo nikisafiri naye nilikuwa nakipakata kiatu. Watu walitucheka kwenye taa za barabarani, mtu mzima na kiatu cha mkewe mapajani.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuja.

Alhamisi, 10 Aprili

Vifaa vimefika. Inanyesha.

Ijumaa, 11 Aprili

Inanyesha.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuja. Mvua imekatika saa tisa. Usiku ukiwa mkavu, Bado atafungua kesho.

Jumatatu, 14 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio, nisije nikasahau nilivyoona.

Jua lilitoka mapema. Nilifika saa mbili, Bado ameshatandika shuka jeupe juu ya meza na kupanga spana kama mtu anayeandaa meza ya wageni. Aliniambia nikae mbali au nishike taa. Nikashika taa.

Alianza pale mpira unapotoka kwenye injini. Akaufuata kwa mkono kuelekea kwenye busta, chini kabisa, pembeni, mahali ambapo mtu aliyesimama haoni. Mkono wake ukasimama. Akaniambia nishushe taa. Nikaishusha.

Kisha akaniambia niiname nione mwenyewe.

Mpira wangu haukuwa umefungwa kwenye busta. Ulifika karibu yake, ukakunjwa nyuma yake, ukafungwa kwenye kikono cha chuma kwa uzi wangu wa nta, ili mtu akitazama kutoka juu auone umekwenda mahali pake. Mwisho wake ulikuwa umezibwa kwa boliti nene. Na mdomo wa busta nao ulikuwa umezibwa, kwa kizibo cha chupa kilichofungwa kitambaa.

Mizunguko yangu arobaini ya upande ule ilikuwa imekatwa. Uzi uliofungwa upya ulikuwa umekwenda ovyo, unapanda na kushuka. Mwalimu hakuweza hata kushona kifungo. Niliufahamu mkono wake kama ninavyoufahamu mwandiko wake humu.

Bado alikwangua grisi juu ya boliti kwa ukucha. Vumbi lilikuwa limeshikana nayo, tabaka kwa tabaka. Akasema hii si kazi ya wiki moja kabla gari halijasimama, ni ya miezi. Kisha akafungua busta yenyewe, akakitoa kiwambo, akakiinua kwenye jua. Kilikuwa kimechanika kutoka ukingo hadi ukingo, mpasuko wa zamani, kingo zake zimekauka. Akanieleza polepole, akirudia alipoona sielewi. Tatizo tangu mwanzo lilikuwa kiwambo hiki, sio mpira. Nilipounganisha mpira, injini ilianza kuvuta hewa kupitia ule mpasuko na kukohoa. Mwenye gari akagundua, akauziba mpira, injini ikatulia, na toka hapo akaendesha bila busta kabisa.

Nikamwuliza, bila busta breki zinakuwaje.

"Zinakuwa nzito tu. Zinashika kama kawaida, ila mguu wako ndio unafanya kazi yote. Haziwezi kukataa ghafla wala kung'ang'ania. Huyu mama alikuwa na mguu wa kweli."

Nikasema, "Na mpira wangu?"

"Mzee wangu, mpira wako haukuwa kazini."

Nikaiweka taa chini. Bado aligeuka akaanza kupanga spana zilizokuwa zimeshapangwa.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda kwa shemeji. Ni mara ya kwanza mimi kwenda kwake tangu msiba. Yeye ndiye huja. Nilimkuta anafua. Alipoona ni mimi alifuta mikono kwenye gauni akasema, kabla ya salamu, "Amefungua."

Nikasema amefungua.

Akaanza kulia, akiomba nimsamehe. Sikuelewa ninamsamehe nini. Akaleta viti viwili, akaeleza. Wiki ileile ya Juni nilipovalisha mpira, gari lilikuwa likimzimikia Mwalimu njiani. Alikuja kwake, wakafungua boneti hapo uani, Mwalimu akakata uzi wangu, na boliti ilitoka kwenye mlango wa banda la kuku. Shemeji ndiye aliyeshika taa. Walipomaliza Mwalimu alimwapisha. Alisema nimeufunga mpira ule kwa uzi wa nta kama naufunga moyo, nikijua haufai nitaumia, kwa hiyo nisijue mpaka apatikane fundi.

"Kwa hiyo nilikuwa nauliza boneti, shemeji. Nilitaka nikuambie mimi kwanza, kabla hujaiona kwa macho. Kila Jumapili naja nimejipanga, nikifika kwenye sinki maneno yanaisha."

Nikamwambia nilidhani ananihukumu. Akauliza kwa lipi. Ndipo nikamwambia yote, mpira, pipa, na lile neno la mwisho. Nilimwambia neno lenyewe, zimeshika, na jinsi nilivyolibeba tangu Oktoba.

Alinitazama kama niliyesema kitu cha kitoto. Kisha akasimama, akanionyesha vyungu vitatu vya maua mbele ya mlango wake. Alisema tangu busta izimwe Mwalimu alikuwa akijivunia mguu wake. Kila akija aliingia mbio, akasimama akibakiza kiganja kutoka kwenye chungu cha kwanza, na shemeji akiziba macho kwa kanga. Kisha anashuka, anaegemea mlango, anasema zimeshika. Kila mara. Ilikuwa ni majivuno. Ilikuwa ni mchezo wao.

"Alikuwa anakuringia, shemeji. Siku hiyo alitaka na wewe uone."

Nguo zake zilielea kwenye beseni. Nikamwuliza kama siku zile alilalamika kichwa kinamuuma. Akasema ndiyo, wiki nzima, na alikataa kwenda kupimwa, na yeye shemeji alimbembeleza akachoka. Daktari alikuwa amesema kweli kumbe. Tulimwambia Mwalimu mambo mengi maishani na hakutusikiliza, sote wawili, kwa usawa.

Nilimsaidia kukamua mashuka.

Jumatano, 16 Aprili

Nimelala kwa saa tisa nzima. Nimemaliza turubai la mteja.

Jumapili, 20 Aprili

Manyunyu. Shemeji amekuja. Ameosha vyombo safi. Nimemwacha.

Ijumaa, 25 Aprili

Bado amenirudishia mpira wa pasi ukiwa umefutwa. Nimeurudisha kwenye pasi. Unafaa.

Jumamosi, 3 Mei

Hakujanyesha siku sita. Tumekwenda gereji mimi na shemeji. Yeye ndiye atakayeliendesha mpaka nyumbani; Mwalimu alimfundisha, na leseni anayo.

Gari lilikuwa nje, boneti wazi, busta imepakwa rangi nyeusi, mpira mpya mgumu umekwenda moja kwa moja mpaka mahali pake. Shemeji alizunguka upande wa dereva, lakini Bado akamzuia kwa mkono. Alisema aliyeleta gari ndiye anayejaribu busta. Nikamwambia sijui kuendesha. Akasema hakuna aliyeniambia niende popote.

Nikakaa kwenye usukani. Zile siku mbili Mwalimu alinifundishia gari la shule; upande ule wa gari hili nilikuwa sijawahi kukaa. Niliona pedali ni ndogo kuliko nilivyodhani. Bado aliinama dirishani akaniambia nikanyage breki mara nne, injini ikiwa imezimwa, na mara ya nne nisiachie. Nikakanyaga. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikafikiri, hivi ndivyo alivyokuwa akikanyaga kila siku, miezi minne, huku akiniambia breki za pasi ni nzuri.

"Usiondoe mguu," akasema Bado. "Sasa washa."

Nikageuza ufunguo. Injini ikashika, na pedali ikashuka chini ya mguu wangu, yenyewe, kidogo tu, taratibu, kama mtu aliyeshusha pumzi. Sikuwa nimeongeza nguvu yoyote. Shemeji akauliza kupitia dirisha la upande wa pili imefanya nini. Nikamwonyesha mguu.

Bado alisema hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba naweza kuachia sasa.

Nikamwomba aniache kidogo. Nikakaa hivyo, mguu juu ya breki, gari likinguruma mahali pamoja.

Somo: Breki.

Maoni ya Mwalimu: